Kuchora Shangwe ya Usiku: Jinsi ya Kuwasha Taa kwa Rangi Isiyowaka

Rangi nyeupe kuliko zote uliyonayo haiwaki. Ipake kwenye turubai, zima taa ya chumba, nayo inapotea gizani pamoja na vingine vyote. Ugumu wa kuchora sherehe ya usiku uko hapo, na hapo ndipo ninapoipendea kazi hii: mtazamaji anatakiwa akunje macho mbele ya moto ambao kwa kweli ni tone la nyeupe na njano.

Uwanjani, moto wa kuni unaweza kung'aa mara maelfu kuliko kivuli kilichojificha nyuma ya ukuta. Kwenye turubai mambo ni mengine. Nyeupe ya titani hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga unaoipiga, na nyeusi nzito hurudisha kama asilimia 4 au 5. Kati ya mwanga wako mkubwa na giza lako kubwa kuna tofauti ya mara 20 hivi, basi. Huwezi kuunakili usiku. Unaweza tu kuugawa upya. Giza unalipa eneo kubwa, mwanga unauweka mahali padogo, na majirani wote wa mwanga huo unawashusha. Taa iliyochorwa huwaka kwa sababu ya kilicho pembeni yake.

Nitazungumzia rangi za mafuta na akriliki. Kwenye rangi za maji mwanga ni karatasi yenyewe na inabidi uuache wazi tangu mwanzo, kwa hiyo mpangilio wa hatua hugeuka juu chini, ingawa mambo ya vivuli na nyuso yanabaki yale yale.

Nenda kautazame usiku kwanza

Usianze na picha za simu. Simu hulazimisha giza lionekane, na taa huzigeuza madoa meupe yasiyo na rangi ndani. Ukichora kwa kufuata picha hiyo utapata usiku wa kijivu wenye matundu. Kama huna budi kupiga picha, piga mbili za mahali pamoja: moja ukigusa taa kwenye kioo cha simu ili simu ipimie hapo, nyingine ukigusa giza. Ya kwanza itakuonyesha rangi ya mwali, ya pili itakuonyesha nani amekaa wapi.

Lakini ujuzi wenyewe unaupata kwa macho. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na ukichungulia simu mara moja tu unaanza upya. Kaa pembeni ya shughuli, ipe mgongo taa kubwa, kisha tazama vitambaa vya watu walio mbali na mwanga. Nguo nyekundu iliyokuwa inawaka karibu na moto, hatua chache gizani imekuwa karibu nyeusi. Ya buluu iliyo kando yake bado inaonekana, tena kama imepauka. Jicho la usiku huipoteza nyekundu mapema na kubaki na buluu na kijani. Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki, alilieleza jambo hili karne ya 19. Kwa mchoraji hii ni amri: nyekundu zote zikae karibu na taa. Nyekundu kali ikiachwa kwenye giza la mbali, usiku wote unavunjika.

Chukua na hesabu hii ndogo, utaitumia sana. Mshumaa mmoja kwa umbali wa mita 1 hutoa mwanga wa takriban luksi 1 (luksi ni kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu). Mwezi mpevu ulio juu kwenye anga safi hutoa kama robo ya hapo. Mwanga wa taa ndogo ukienda umbali maradufu hupungua mara nne, kwa hiyo mshumaa ule kwa mita 2 umeshalingana na mwezi. Ndani ya duara hilo mshumaa unatawala na rangi zote ni za joto. Nje yake mbalamwezi inashika usukani na rangi zinapoa. Mpaka huo upo kwenye kila sherehe ya usiku. Ukubwa wa duara tu ndio unaobadilika, kwa kadiri ya nguvu ya taa.

Hatua ya kwanza: chagua taa moja iwe kuu

Sherehe huwa na taa chungu nzima: kandili, balbu zilizotungwa kwenye waya, moto katikati, simu mikononi, mwezi juu. Ukizipa zote nguvu sawa, hakuna itakayowaka. Amua moja ndiyo kuu. Nyingine zote zishushe ngazi mbili au tatu za mwanga, hata kama uwanjani zilikuwa na nguvu kuliko unavyozichora. Hapa uongo unaruhusiwa.

Kisha fikiria kuificha. Gerrit van Honthorst, Mholanzi wa karne ya 17 ambaye Waitalia walimbandika jina la Gherardo wa Usiku kwa kupenda kwake kuchora kwa mshumaa, alichora karamu nyingi za usiku. Njia aliyoirudia mara kwa mara ni kumweka mtu mmoja mbele ya mwali, mgongo kwetu, mweusi tii. Mwali wenyewe huuoni, au unauona nusu. Unachokiona ni nyuso za walio ng'ambo zikiwa zimejaa nuru. Faida yake ni mbili. Unakwepa kuchora kitu ambacho rangi haiwezi kukifikia, na ule weusi wa mbele unazifanya nyuso zile zing'ae kuliko zilivyopakwa. Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, ningekushauri mchoro wako wa kwanza wa usiku uwe hivi.

Hatua ya pili: rasimu ya ngazi tatu

Chora vijirasimu vitano au sita, kila kimoja kisizidi kiganja, kwa mkaa na ufutio. Tumia ngazi tatu tu: nyeusi, kijivu, na karatasi yenyewe. Usichore watu, chora madoa. Kwa kawaida mimi hutaka nyeusi ishike kama theluthi mbili ya eneo, kijivu sehemu kubwa ya iliyobaki, na nyeupe iwe finyu kiasi cha kuzibwa kwa kidole gumba. Weka rasimu zote ukutani, rudi nyuma hatua tano. Ile ambayo bado inasema "hapa pana sherehe" kwa umbali huo ndiyo ya kwenda nayo.

Hatua ya tatu: panga vivuli kwa rula

Hapa michoro mingi huharibika. Mchana vivuli vyote huelekea upande mmoja, kwa kuwa jua liko mbali mno. Usiku taa iko katikati ya watu, kwa hiyo vivuli hutawanyika kutoka kwake kama njiti za gurudumu la baiskeli. Anayecheza kushoto kwa moto, kivuli chake kinakwenda kushoto. Wa kulia, kulia. Aliye mbele yetu kivuli chake kinatujia miguuni.

Kila taa ina pointi mbili za kuweka alama. Ya kwanza ni taa yenyewe. Ya pili ni mahali pale ardhini palipo moja kwa moja chini ya taa. Mimi hupaita mzizi wa taa. Vuta mstari kutoka kwenye mzizi upite miguuni mwa mtu: huo ndio mwelekeo wa kivuli. Vuta mwingine kutoka kwenye taa upite utosini mwake hadi chini. Mistari hiyo inapokutana, kivuli kimeishia hapo. Chukua taa kuu na watu wanne au watano wa mbele, uwafanyie hivyo kwa penseli. Wengine utawaweka kwa macho.

Kuna kipimo cha haraka cha kukumbuka: taa ikiwa juu mara mbili ya kimo cha mtu, urefu wa kivuli chake unalingana na umbali wake kutoka kwenye mzizi. Mtu aliye mita 3 kutoka hapo ana kivuli cha mita 3. Moto uliowashwa chini ni tofauti kabisa. Mwali ukiwa chini ya vichwa vya watu, kivuli cha kichwa hakianguki ardhini; kinakwenda mpaka kikutane na ukuta, mti au umati, na huko kinapanda kikiwa kikubwa kuliko mwenyewe. Ukuta ukiwepo nyuma ya wachezaji, usiuache mtupu. Majitu yale meusi yanayoruka ukutani ni nusu ya shangwe.

Zingatia na ukali wa kingo. Penye miguu kivuli huanza kikiwa na ukingo mkali, na kadiri kinavyokwenda mbali kinalainika. Balbu za kwenye waya humpa mtu vivuli vingi hafifu vinavyopishana, na pale vinapolaliana ndipo penye giza zaidi. Usivichore vyote, viwili vinatosha kulieleza jicho kwamba taa ni nyingi.

Hatua ya nne: tengeneza giza lenye uhai

Anza kwa kuifunika turubai yote rangi ya kati yenye giza, kwa mfano amba iliyochomwa (kahawia nzito, burnt umber) iliyoyeyushwa. Turubai nyeupe hukudanganya: rangi yoyote ukiiweka juu yake huonekana nzito, na ukishamaliza unagundua usiku wako ni wa saa kumi na mbili jioni.

Nyeusi ya kwenye tyubu si adui, ila ikipakwa peke yake kila mahali inakufa kama lami. Mimi huchanganya giza la aina mbili. La kwanza ni buluu ya ultramarini na amba iliyochomwa, ambalo ukiongeza buluu linapoa na ukiongeza amba linapata joto. La pili ni buluu ya Prusia na krimzoni ya alizarini (nyekundu iliyokolea), na matokeo yake ni zambarau nzito inayopenyesha mwanga, nzuri sana kwa anga na kwa kona za mbali. Giza la joto liweke karibu na taa, la baridi liende pembezoni. Hata pale ambapo mtazamaji ataona "nyeusi" tu, jicho lake litahisi umbali. Van Gogh alipochora baraza la mkahawa wa Arles usiku, Septemba 1888, alimwandikia dada yake kwamba ule ni usiku uliochorwa bila nyeusi, na kweli anga lake ni buluu tupu.

Wanaotumia akriliki, chukueni tahadhari hapa: akriliki ikikauka huwa na giza zaidi ya ilivyo mbichi. Niliwahi kuchora kundi la wapiga ngoma kwenye kivuli, nikalala nimeridhika. Asubuhi watatu wa nyuma walikuwa wamezama, hawaonekani. Tangu siku hiyo kila mchanganyiko wa giza naupaka kwanza kwenye kipande cha karatasi, nausubiri ukauke, ndipo naugusisha kwenye turubai.

Na taa ya kufanyia kazi isiwe hafifu wala kali mno. Ukichora kwenye mwanga mdogo, utachanganya rangi nyepesi kuliko inavyotakiwa ili uzione, na mchana zitaonekana zimepauka. Kwenye mwanga mkali sana utashusha giza kupita kiasi, na mchoro ukiingia sebuleni unakuwa shimo.

Hatua ya tano: nyuso na ngozi

Sasa paka giza lote kwanza, kutoka nyuma kuja mbele, kwa brashi pana, bila kugusa mwanga wowote. Likishakaa, umati unaozunguka moto utaona unajigawa wenyewe makundi matatu. Walio kati yetu na moto ni migongo myeusi. Walio pembeni wana mwanga upande mmoja, ukanda mwembamba kama mwezi mwandamo ukifuata shavu, bega na nyonga. Walio ng'ambo wanapigwa mwanga usoni. Mchoro wenye makundi yote matatu una kina. Wenye kundi la tatu peke yake unafanana na picha ya pamoja ya darasa.

Mwanga wa moto hutoka chini, na hili lazima ulichore ulivyoliona, usiende kwa mazoea. Tumezoea paji la uso ling'ae na chini ya kidevu kuwe na kivuli. Kwenye moto mambo hugeuka: chini ya kidevu panang'aa, chini ya pua panang'aa, mfupa wa juu ya jicho unapata mwanga kwa chini, huku sehemu ya juu ya shavu na paji vikiingia gizani. Kivuli cha pua kinapanda kuelekea jicho. Uso wa namna hii unaweza kutisha, na wakati mwingine ndicho unachokitaka. Toulouse-Lautrec, mchoraji Mfaransa, kwenye mchoro wake wa ukumbi wa starehe wa Moulin Rouge wa miaka ya 1890, amemweka mwanamke ukingoni kulia, uso umepigwa mwanga wa kijani kutoka chini, na huwezi kumpita bila kusimama. Kwa sura za furaha, ongeza taa hafifu ya juu, balbu moja au mwezi, ili paji lisizame lote.

Kwenye ngozi nyeusi ndipo usiku unapopendeza kuliko kote, na ndipo naona makosa mengi kuliko kote. Kosa ni kutia nyeupe kwenye kahawia ili kupata upande wenye mwanga. Matokeo ni ngozi iliyopakwa majivu. Fanya hivi. Rangi ya msingi iwe amba iliyochomwa na ultramarini kidogo. Upande wa moto panda kwa sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), kisha chungwa ya kadimi (cadmium orange), bila nyeupe hata chembe. Ngozi nyeusi, hasa yenye jasho, hurudisha mwanga kama kitu kilichopigwa rangi ya kung'aa: inashika rangi ya taa yenyewe. Kwa hiyo mng'ao wa juu kabisa, ule wa kwenye ncha ya pua, mdomo wa chini na mfupa wa shavu, uwe ni chungwa iliyopauka, mguso mmoja mdogo, na hapo tu ndipo nyeupe inapoingia. Upande wa pili usiuache mtupu. Pitisha ukanda mwembamba wa buluu ya kijivu kwenye ukingo wa shavu na shingo, ambako mbalamwezi imegusa. Chungwa upande huu, buluu upande ule, na kati yake giza la joto: uso unajaa kama tunda.

Mkono uliokinga mwali nao utazame kwa karibu. Mchoraji Mfaransa Georges de La Tour alichora, yapata mwaka 1642, mtoto akimshikia mshumaa Yusufu seremala, kiganja kikiwa mbele ya mwali. Nyama ya vidole vile imepenywa na mwanga, nyekundu ndani, kama jani lililoinuliwa kuelekea jua. Ukitaka kupata hilo, paka vidole kwa chungwa nyepesi, acha vikauke, kisha funika kwa tabaka jembamba la krimzoni iliyoyeyushwa. Mwanga utapenya kwenye krimzoni, ugonge chungwa, urudi. Nguo nyembamba na kandili za karatasi hufanywa vivyo hivyo.

Hatua ya sita: taa zenyewe

Katikati ya mwali pana rangi nyepesi, karibu nyeupe, lakini hisia ya kuwaka haitoki hapo. Inatoka kwenye pete inayouzunguka: njano kali, kisha chungwa iliyokolea, kisha nyekundu ya kahawia inayoyeyuka gizani. Ukiruka kutoka nyeupe moja kwa moja hadi nyeusi, unapata tundu. Pete hiyo isiwe na ukingo popote. Ifute kwa brashi kavu au kwa kidole. Ukiwa na wasiwasi, punguza nyeupe na uongeze kukolea kwa chungwa.

Sherehe inayoanza wakati wa magharibi inahitaji utaratibu mwingine, maana kuna dakika chache ambapo mwanga wa anga na wa taa hulingana. Mchoraji John Singer Sargent alipochora wasichana wawili wakiwasha kandili za karatasi bustanini, alifanya kazi dakika chache tu kila jioni, mwaka 1885 na tena 1886, akisubiri saa hiyo irudi. Kwenye mwanga huo giza lako lisishuke sana: nyasi bado ni kijani, nguo nyeupe zimekuwa zambarau nyepesi, na kandili zinang'aa kwa joto la rangi kuliko kwa weupe.

Fataki na moshi

Cheche ni rahisi, kinachofanya kazi ni moshi. Fataki moja ikipasuka huangaza wingu lililoachwa na iliyotangulia, na wingu hilo ndilo linaloonyesha anga lina kina. Paka moshi kwanza kwa kijivu chenye rangi ya cheche, kingo zote laini, halafu cheche chache kwa rangi nzito, mguso mmoja mmoja, bila kurudia. Mchoraji James Whistler alichora fataki za London kwenye miaka ya 1870 kwa giza la kijani na vitone vya dhahabu, karibu hakuna kingine. Mhakiki mmoja aliukashifu mchoro huo hadharani, Whistler akamshtaki, na mwaka 1878 mahakama ikampa ushindi na fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote. Simama mbele ya mchoro huo, hata kama ni kwenye kioo cha kompyuta, uhesabu ni eneo dogo kiasi gani lililopakwa rangi nyepesi.

Kumalizia

Geuza mchoro juu chini, au utazame kwenye kioo. Tafuta mistari iliyobaki kati ya watu wawili ambao wote wako kwenye kivuli, uifute. Gizani miili huungana, na wachezaji wanaoungana huonekana wanasogea. Kisha tafuta ukingo mkali mmoja tu, karibu na taa kuu, uunoe.

Mguso mweupe kuliko yote uache kwa siku ya mwisho. Ukiuweka mapema utaulinganisha na kila kitu na kuanza kuongeza mwanga pasipostahili.

Rangi ya mafuta ikikauka, sehemu za giza hunywewa na turubai na kuwa butu, kama vumbi limetua juu yake, na kina chote ulichokitafuta kinapotea. Usipake giza jipya. Chukua mafuta ya kitani kidogo sana, yasugue kwa kitambaa kisichotoa nyuzi hapo palipopauka, ufute yaliyobaki, na giza litarudi. Vanishi ya mwisho ingoje mpaka mafuta yakauke kabisa, ambayo kwa tabaka nene huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka. Chagua isiyong'aa sana: kwenye mchoro wenye giza kubwa, vanishi ya kung'aa humwonyesha mtazamaji dirisha lililo nyuma yake.